Kitambaa cha Kijani cha Mama

Mimi ni mfupi. Nianze na hilo ili tusisumbuane. Siyo ule ufupi wa kusema "si mrefu sana." Mimi ni mfupi wa kuandika ubaoni nikiwa nimesimama juu ya tofali. Mabega membamba, mikono ya kitoto, na mpaka leo kiatu changu nakitafuta upande wa viatu vya watoto wa shule. Nimemrithi mama. Yeye alikuwa wa kimo changu hiki hiki, na kijijini kwetu, kule kando ya ziwa nje ya Musoma, walimtania wakimwita kadagaa. Alicheka nao. Mimi sikucheka na mtu. Aliyeniita kadogo nilimjibu papo hapo, ndiyo maana nimegombana na watu wengi maishani mwangu, na ninayemjutia ni mmoja tu.

Huyo mmoja ni mama. Tuligombana kwa sababu ya gauni.

Nilikuwa mwalimu mpya pale Nyasura, Bunda, kipindi kile ambacho duka la ushirika lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Sabuni hakuna, sukari ya kusikia kwa watu, na nguo ndiyo usiseme. Kitambaa kilikuja kwa mgao, na mgao wa shule yetu ulikuwa wa sare, ile bluu ya sketi za wanafunzi. Sisi walimu wa kike tukakatiwa humo humo. Wenzangu walikuwa wanawake wenye miili yao, bluu ikawakaa vizuri, ukiwaona unasema hawa ni watu wa kazi. Mimi nikiivaa na blauzi yangu nyeupe nilikuwa mwanafunzi wa darasa la tano.

Sitanii. Siku moja alikuja ofisa kutoka wilayani, akanikuta uwanjani, akasema, "We mtoto, hebu niletee maji ya kunawa." Mimi na mdomo wangu wote huu nilikwenda nikaleta kopo, nikammiminia mikononi, kwa sababu nilikuwa bado sijathibitishwa kazini na niliogopa kumwaibisha. Darasa la saba walikuwa dirishani wanatazama. Kuanzia siku hiyo nikiwageukia mgongo kuandika, nyuma nasikia, "Kamwalimu, kalete maji." Kuna wavulana mle walikuwa wameshaanza kuota ndevu. Nilichapa, nikafoka, nikatoa nje watu, wapi! Walikuwa wameshaniona nikishika kopo.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo," alisema. "Atakaa darasani kwako. Akikuta watoto wanakucheka, mimi sitakutetea. Nakurudisha darasa la kwanza, na huko kuthibitishwa usahau kwanza." Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, safari ambayo haikumchukua muda. "Tafuta nguo ya mtu mzima, mwalimu."

Nguo ya mtu mzima! Ningeitoa wapi? Nilitoka mle nimefura, nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi kufundisha sehemu na asilimia.

Jumamosi nilipanda lori nikaenda nyumbani kwa mama. Sikumkuta. Jirani akanipa ufunguo, akasema mama amekwenda Butiama, kule Mwitongo, kwa dada yake aliyeolewa huko, kumsaidia kuvuna mtama, atarudi mwisho wa mwezi. Nikaingia ndani. Nikakaa kitandani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, na mimi nilijua ndani yake kuna nini.

Kulikuwa na kitambaa. Kijani kilichokoza, hakina ua wala mstari, yadi tano, kizito kiasi, kile kitambaa kinachoanguka chenyewe ukikishika. Marehemu baba alikinunua kabla mambo hayajaharibika. Mama hakukishona. Yalipoharibika, kulikuwa na jirani yetu aliyefariki, wakatafuta sanda wilaya nzima hawakupata, wakamzika kwa gunia la pamba lililofumuliwa. Mama alitoka mazishini akakikunja kile kitambaa, akakitia sandukuni na majani ya mwarobaini, akaniambia: "Hiki ndicho utakachonifunga. Na hata nyeupe ikipatikana, sitaki nyeupe. Mimi na udogo wangu huu, nikifungwa nyeupe watu watafikiri wanazika kachanga. Nifunge cha kijani, nionekane mtu mzima."

Kwa hiyo nilijua. Asije mtu akasema sikujua.

Nikajiambia: naazima. Fundi atakishona bila kukata, kitambaa chote cha ziada atakikunjia ndani, kwenye pindo na kwenye mishono. Mkaguzi akiondoka nafumua, napiga pasi, narudisha sandukuni, mama akirudi anakikuta kimelala. Jambo hilo halikuwa la ajabu. Siku zile hakuna aliyekuwa anakata kitambaa. Gauni la mtoto lilikunjwa pindo la kutosha miaka mitatu, la mama likaachiwa akiba ubavuni akija kunenepa. Kukata ilikuwa kama kumwaga unga. Nikakitia kikapuni, nikafunga sanduku, ufunguo nikamrudishia jirani bila kumwangalia machoni.

Fundi wangu alikuwa mzee mmoja pale Kabasa, si mbali na shule, cherehani yake kibarazani, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikamweleza. "Usikate, mzee. Kunja tu."

"Siku hizi nani anakataga?" akasema, akanipima huku akiguna.

Jumanne jioni nikaenda kujaribu. Nikavaa nyuma ya pazia, nikatoka. Fundi akainuka. Alikuwa na kipande cha kioo, akakishika mbele yangu, akakishusha taratibu kutoka kifuani hadi magotini. Mama yangu! Pindo lilikuwa nene, limevuta gauni chini. Ubavuni kitambaa kimerundikana, kiuno hakipo, mabega yamening'inia mpaka katikati ya mikono. Nilikuwa kifurushi chenye kichwa. Afadhali hata ile bluu.

"Mzee, umenifanya nini?"

"Umejifanya mwenyewe," akasema. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Mwili mdogo haubebi nguo ya akiba, mwalimu. Mwanamke mnene nikimkunjia yadi nzima haionekani. Wewe hata inchi moja inaonekana. Nguo yako inatakiwa ikome pale unapokoma wewe. Bega likae kwenye bega. Kiuno kipande juu kidogo, miguu ionekane mirefu. Pindo liguse goti, lisivuke, likivuka tu limekula mguu. Kola ndogo, vifungo vidogo, mkanda mwembamba wa kitambaa hicho hicho, usije na mkanda mweusi ukakukata vipande viwili. Na mshono mmoja wa kushuka mbele, toka shingoni mpaka chini. Rangi umepatia, rangi moja inakurefusha." Akavua miwani. "Lakini hayo yote ni mkasi. Bila mkasi siwezi."

"Ukikata, hakirudi tena kuwa kitambaa."

"Kitarudije?"

Nilisimama pale. Kesho kutwa ilikuwa Alhamisi. Nilimwona mwalimu mkuu akinikabidhi darasa la kwanza, niliwasikia wale wavulana, nikaliona lile kopo. Nikamwona na mama, lakini mama alikuwa mbali, anavuna mtama, mzima wa afya. Nina hasira za karibu mimi, na hasira za karibu zinaona karibu tu.

"Kata," nikasema.

"Nikate?"

"Kata, mzee, kabla sijabadilisha mawazo!"

Akakata. Mkasi wake ulikuwa mkubwa, na kile kitambaa kizito kililia chini yake muda wote. Sikuondoka. Niliona lazima nitazame.

Alhamisi asubuhi nikalichukua. Nikavaa pale pale. Fundi akashika kioo tena, akakishusha, na safari hii nilimwona mwanamke. Mfupi, ndiyo, lakini mwanamke, ana shingo, ana kiuno, ana miguu. Nikasimama wima bila kuambiwa. Fundi akaguna ule mguno wake, kisha akanipa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa utepe wa kitambaa hicho hicho. "Vipande vyako. Usije ukasema fundi kaiba." Nikavitia kwenye mkoba pamoja na chaki.

Nilipoingia darasa la saba hakuna aliyenong'ona. Walisimama wote, hata yule mkubwa wao wa nyuma. "Shikamoo mwalimu." Nikawaitikia, nikawakalisha, nikaanza. Mkaguzi alikuwa amekaa nyuma na daftari lake, mwalimu mkuu pembeni yake. Nilifundisha vizuri siku ile, nasema ukweli wangu. Sauti yangu yenyewe ilikuwa imeshuka. Kumbe miezi yote ile nilikuwa napiga kelele kwa sababu bega la blauzi lilikuwa linanidondoka.

Baada ya kipindi nikaitwa ofisini. Mkaguzi alikuwa ameshaandika karatasi yake, kalamu iko juu ya mahali pa sahihi. Akaniangalia. Akaangalia gauni.

"Mwalimu, hicho kitambaa umekipata wapi?"

Mwalimu mkuu akakohoa. Wakati ule kitambaa kipya kilikuwa kesi. Misako ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba, watu wanatupa mali zao wenyewe ziwani wasikutwe nazo, na sisi huku mpaka uko karibu, kila kizuri kilihesabiwa ni cha magendo. Mwalimu mpya, hajathibitishwa, amevaa kitambaa ambacho mke wa ofisa hana! Nikaona kuthibitishwa kunaondoka, na mimi nafuata nyuma na mgambo.

"Ni cha mama yangu, mzee," nikasema. "Alikiweka cha kuzikiwa."

Mkaguzi akavua miwani, sura yake ikabadilika kabisa.

"Pole sana, mwalimu."

Alikuwa amedhani mama amefariki, kitambaa kimebaki. Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana, mzee, mama yangu yupo, yuko Butiama, mimi ndiye mwizi. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni kile tunachofundishwa tangu utotoni kumjibu anayetupa pole.

"Nimeshapoa."

Akatia sahihi.

Nilitoka ofisini. Nilikuwa nimethibitishwa, darasa la saba ni langu, na nilikuwa nimemzika mama yangu kwa neno moja. Nikajiambia ni maneno tu. Sikumaliza hata kujiambia. Getini kulikuwa na lori la pamba linanguruma, na dereva anauliza mwalimu fulani yuko wapi, ana karatasi yake kutoka Mwitongo. Ulikuwa mwandiko wa mama mkubwa, yule dada yake mama.

"Mama yako hajiwezi. Njoo upesi. Anasema uje na kitambaa chake cha kijani kilichoko sandukuni."

Nilisoma mara tatu. Dereva akasema anageuza sasa hivi kurudi njia ya Musoma, kama naenda nipande. Sikubadilisha nguo, sikumuaga mtu. Nikapanda na mkoba wangu wa chaki.

Sijui niseme nini kuhusu njia ile. Niliomba. Nilimwambia Mungu neno lile sikulikusudia, alifute. Kisha nikajiona mnafiki, kwa sababu kama sikulikusudia mbona sikulirudisha? Dereva alinishusha njia panda, nikatembea kwa miguu hadi Butiama, jua linaunguza, vumbi limekaa kwenye kijani chote. Nilikuwa nakimbia, nachoka, natembea, nakimbia tena. Kila nyumba niliyopita nilitega sikio kama kuna kilio mbele.

Mwitongo palikuwa kimya. Mama mkubwa alinipokea mlangoni.

"Kitambaa umekuja nacho?"

"Nimekuja nacho," nikasema, na haukuwa uongo.

Mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, karibu na dirisha. Homa ilikuwa imemla. Zahanati hawakuwa na dawa, wale waliotumwa kutafuta klorokwini Musoma walikuwa bado. Alikuwa mdogo pale kitandani, mdogo mno, blanketi limelala karibu tambarare. Akafungua macho. Aliniangalia kwa muda mrefu, akaanza usoni, akashuka taratibu.

"Geuka," akasema.

Nikageuka.

"Sogea hapa." Akanyoosha mkono, akashika pindo, akalipindua, akapapasa ndani akitafuta mkunjo. Hapakuwa na mkunjo. "Umekata."

"Nimekata, mama."

"Vipande viko wapi?"

Nikampa kile kifurushi. Alikifungua juu ya kifua chake, akaanza kuvipanga, hiki na hiki, ubavu na ubavu, vikawa vinateleza. Mama mkubwa akaanza kulia kwa sauti ya chini. Mama hakulia. Alivipanga mpaka mkono ukachoka.

"Sasa mimi utanifunga na nini?"

Nikapiga magoti, nikamwambia nisamehe, nikamwambia habari ya mkaguzi, ya darasa, ya kopo la maji. Akageukia ukutani.

"Nenda ukae nje. Sitaki kukuona na nguo yangu."

Nikakaa nje. Niliogopa siku ile kuliko siku zote nilizoishi, na sioni aibu kusema. Kila alipokohoa nilisema moyoni, ni lile neno linafanya kazi. Magharibi wale waliotumwa wakarudi na vidonge, wakampa. Nilikaa pale pale ukutani, mama mkubwa akaniletea uji sikuunywa.

Asubuhi nikasikia ananiita. Sauti ilikuwa ya ukali, na nilishukuru sana kusikia ukali huo. Alikuwa ameketi, ametota jasho, homa imekatika.

"Vua hilo gauni."

Nikavua, nikajifunga khanga ya mama mkubwa. Nilijua atalifumua. Badala yake akasema, "Dada, nishike nisimame," akalivaa. Mama yangu maisha yake yote alivaa magauni mapana ya kupewa na watu wakubwa kuliko yeye, akiyafunga kwa khanga. Akavuta mkanda. Bega likakaa kwenye bega. Mama mkubwa akaleta kioo, akafanya kama fundi, akakishusha.

"Hee!" mama akasema. "Kumbe nina kiuno."

"Kadagaa kana kiuno, jamani!" Mama mkubwa akapiga kigelegele, tukacheka sote watatu, mimi nikicheka na machozi. Mama akakaa, akapumzika, akaniuliza mkaguzi alisema nini. Ningeweza kumficha. Nikamwambia yote, mpaka pole.

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, mama."

"Hukunyamaza. Wewe huwaga hunyamazi. Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia nimeshapoa."

Akaniangalia. Kisha akacheka tena, lakini kidogo, akalaza mkono juu ya tumbo la lile gauni. "Basi siku yangu ikifika usijisumbue. Wewe umeshapoa."

Gauni hakunirudishia. Nilirudi Bunda na gauni lake la zamani nimelikunja kiunoni kwa pini, na darasa la saba hawakucheka. Sijui waliogopa nini, labda uso wangu.

Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa. Mitumba ikamwagwa sokoni Musoma chungu chungu, vitambaa vya kila rangi vikarudi madukani, na mimi nikagundua kwamba nguo za watoto wa Ulaya zinanikaa bila fundi. Nilivaa nikavalika. Kila likizo nilimpelekea mama kitambaa kipya, kijani, cha kufanana na kile. Alipokea, akanibariki, akawagawia wajukuu wa mama mkubwa. Hakuweka tena kitu sandukuni. Jumapili alivaa kijani chake, akaenda kanisani amenyooka, mkanda umekazwa. Wakimwita kadagaa anajibu, "Ndiyo, lakini nimeshonewa."

Alipofariki nguo hazikuwa shida. Wanawake walikuja na sanda nyeupe mpya, tatu nzima. Nikakataa zote. Nikafunga mlango, nikamvalisha gauni lake. Lilikuwa limempwaya. Alikuwa amepungua, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu mdogo vile anaweza bado kupungua. Nikachukua sindano nikaingiza pande zote mbili, nikarudisha mabega mahali pake, nikapandisha kiuno kidogo, kama fundi alivyosema. Pindo likagusa goti. Akaonekana mtu mzima.

Kisha nikatoka nje. Watu walikuwa wengi, wakaja mmoja mmoja kunishika mkono. "Pole, mwalimu." "Pole sana, mwalimu." Kila mmoja alisubiri kidogo, kama inavyotakiwa, nimjibu. Niliinamisha kichwa tu. Lile neno nilikuwa nimelitumia Nyasura, mbele ya mkaguzi, mama yangu akiwa hai.